Bomba la Macho

Kwanza fungua bomba.
Kabla ya salamu, kabla ya chai,
kabla hujauliza mshahara unaingia lini.
Liache lichuruzike mpaka uone sakafu imelowa.
Meneja atasema bili. Mwache aseme.

Mapipa ni yale ya bluu, kivulini.
Ukiyachungulia utasema ni maji,
maangavu, matulivu, hata mtoto angeyachota.
Ni amonia imelazwa majini,
na usingizi wake si mzito:
jua la Igogo likilipiga pipa saa nane mchana
inaamka, inajaa chini ya kizibo,
inangoja mkono wenye haraka.

Bugingo alikuwa na haraka.
Malori mawili ya sangara getini,
barafu haijashika, madereva wanapiga honi,
na miwani yake ilikuwa juu ya kofia
kwa sababu, alisema, inamtoa jasho.
Alizungusha kizibo mara moja, kama mtu afunguaye soda.

Sikusikia ukelele. Nilisikia spana ikianguka.
Kisha harufu. Hapana, si harufu,
lilikuwa kofi.
Nilimkuta amepiga magoti, viganja usoni,
akisema polepole, kama anayehesabu:
maji, maji, maji.

Bomba hili hili.
Nililizungusha hadi mwisho. Likakohoa.
Likatoa upepo, na buibui mmoja mkavu.

Na ziwa lote lile pale!
Unaliona, hatua mia mbili toka ukutani,
Ukerewe nzima imo ndani yake,
nchi tatu zinalinywa,
na sisi hatukuwa na kikombe.

Aliyetuokoa ni Kabula, mama lishe wa getini,
alikuja mbio na ndoo ya maji ya ugali,
akarudi kuleta nyingine, na nyingine,
bila kuuliza nani atalipa.
Nilimlaza Bugingo, nikafumbua kope kwa vidole,
nikamimina toka upande wa pua kwenda sikioni.
Robo saa, isipungue, ndivyo karatasi ya ukutani inavyosema.
Saa sikuwa nayo. Nilihesabu kwa kivuko cha Kamanga:
kilipiga honi kikiondoka, nikamimina
mpaka kikawa kidogo kama kiberiti,
kisha nikamimina tena.
Siku ile watu arobaini walikula mihogo ya jana.

Hapa kazi yetu ni macho, utafundishwa.
Jicho la sangara likiwa limetuna, linang'aa, mpokee.
Likizama, likiingia ukungu, mrudishe.
La kushoto la Bugingo lilipona.
La kulia,
tuyaache.
Anauza vocha Mabatini siku hizi.
Ukipita, atageuza shingo kama kuku ili akuone.

Basi sikiliza, sisemi mara mbili.
Usiihamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa,
hata kwa dakika moja, hata ukiiandika jina.
Mwenye kiu hasomi.
Usiikutanishe na jiki:
hao wawili wakioana, anayezikwa ni shahidi.
Ukifungua, fungua kidogo, ipumue, upepo ukiwa mgongoni.
Ikimwagika usiisukumie mferejini.
Mfereji unaijua njia ya ziwani,
na dagaa hawana miwani.

Siku utakapoona huisikii tena,
usiseme imetoka.
Pua ni mtumishi mwoga,
akikaripiwa sana hunyamaza.
Toka nje, uite mwenye pua mpya.

Haya, miwani hii hapa. Si juu ya kofia.
Glavu za mpira, zile ndefu, kagua vidole kama vina tundu.
Na hilo bomba,
mbona umelifunga?
Nilisema fungua.
Nataka kulisikia.